Mkwe Kanuna Tena

Mwalimu Klachi alikuwa na miaka sabini na moja, meno ya kumtosha, gari la kufundishia udereva lenye breki mbili, na siri moja. Siri yenyewe ni kwamba haoni.

Tusimsingizie upofu. Mchana aliujua kuwa ni mchana. Uso wa mke wake ukikasirika aliutambua, ingawa hilo halihitaji macho. Lakini kitu chochote kilichokaa mbali kuliko urefu wa kitanda kilimjia kama kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Basi lilikuwa ukuta unaotembea. Pikipiki ilikuwa kelele tu, haina umbo. Mwaka uliopita alilisalimia tangi la maji la jirani, akangoja, akasalimia tena, kisha akaenda zake akilalamika kwamba watu wa siku hizi wana kiburi.

Mtu wa hali hiyo hafundishi udereva. Yeye alifundisha, tena kwa sifa mji mzima. Alikuwa na mtindo wake aliouita Njia ya Mdomo. Mwanafunzi akishaketi nyuma ya usukani alitakiwa kutaja kwa sauti kila anachokiona: gari, shimo, mbwa, mama mwenye mzigo, taa inayobadilika. Akinyamaza hata kidogo, Mwalimu alimgongea dashibodi kwa ufunguo. "Dereva bubu simpeleki barabarani! Unaona nini?"

Na kweli wanafunzi wake walikuwa hodari. Siku ya mtihani wakaguzi walikaa kando ya vijana waliokuwa wakitangaza barabara kama mpira wa redioni, na karibu wote walipita mara ya kwanza. Shule nyingine zikaiga. Watu wakasema mzee yule ni kichwa. Hakuna aliyejua kwamba mtindo wote ulizaliwa miaka miwili nyuma, asubuhi alipomwambia kijana mmoja akate kushoto, na kushoto palikuwa na kibanda cha kinyozi. Baada ya mbao kudondoka na mteja mmoja kukimbia akiwa amenyolewa nusu kichwa, Mwalimu aliona hana pa kutokea. Akafoka, "Sasa kama uliona kibanda, mbona hukusema?" Kijana wa watu akaomba msamaha. Na ikawa ndiyo elimu.

Sasa leseni yake ilikuwa inaisha Jumamosi. Aliyevuka miaka sitini huongezewa kila baada ya miaka mitatu, na haongezewi bila kupimwa macho. Bila leseni hawezi kufundisha. Bila kufundisha, kila alipowaza, aliona picha moja tu, nayo aliiona vizuri kuliko kitu chochote duniani: mzee fulani asiye na cheo, amekaa jikoni, amepewa kazi ya kumenya vitunguu. Mjini alikuwa akipita na watu wanaita, "Mwalimu! Shikamoo Mwalimu!" kutoka kwenye maduka na magari. Hakuwaona, lakini aliwasikia. Nani angemwita mmenya vitunguu?

Rafiki yake wa ujana ndiye aliyemletea dawa. Huyu aliitwa Mzee wa Tipa kwa sababu alibeba mchanga na kokoto kwa tipa miaka arobaini, na sauti yake mwenyewe ilikuwa kama kokoto zinazomwagwa.

"Usinikalie kama uko matangani," Mzee wa Tipa alimwambia. "Ule ubao wa herufi wa kupimia macho pale chumba namba sita haujabadilishwa tangu nina nywele. Sisi wazee wote tunauimba. Sikiliza: *Mkwe. Kanuna tena. Sababu hakupewa nyama. Akabeba pochi, viatu, dirisha. Tukamkuta uani kalala fofofo, jamani.*"

"Nini hicho?"

"Ndiyo ubao huo! Chukua herufi ya kwanza ya kila neno. Juu kuna M, peke yake, kubwa kama ng'ombe. Chini yake K na T. Halafu S, H, N. Unashuka hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Nani aliutunga?"

"Marehemu Dereva wa Gesi. Alikuwa na mama mkwe."

"Na dirisha je? Mtu anabebaje dirisha?"

"Unataka leseni au unataka maelezo?"

Mwalimu akaimba wiki nzima. Aliimba bafuni, aliimba akifunga viatu, na usiku mmoja aliimba usingizini mpaka mke wake akamtingisha bega. "Baba Watoto, mama yangu amekukosea nini? Ameshakufa yule, mwache apumzike."

Asubuhi ya Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya wazee pale ofisi ya leseni, mke huyo huyo alimsimamisha mlangoni, akamvua shati, akaligeuza, akamvalisha tena upande unaofaa. Hakusema lolote juu ya macho. Alimfunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akampiga kifuani kwa kiganja, akasema, "Haya, nenda. Ukirudi uniambie ukweli."

"Ukweli gani?"

"Wowote utakaoupata."

Wa kumpeleka alikuwa mwanafunzi wake wa wiki ya sita, mwanamke mshonaji mwenye cherehani mbili na watoto watatu, aliyetaka kujua gari ili asafirishe sare za shule mwenyewe. Aliendesha vizuri. Tatizo lake ni kwamba aliiona dunia nzima kama nguo.

"Naona barabara imepinda kama kola," alisema. "Naona lori, turubai lake limechanika mshono wa nyuma. Naona mama mwenye gauni la maua, pindo limefumuka."

"Pindo halivuki barabara, mwanangu. Mama mwenyewe anaelekea wapi?"

"Amesimama anasubiri. Naona taa, ni kijani. Naona duka la nguo, naona..."

Akanyamaza. Mwalimu alingoja. Alikuwa ameuinua ufunguo agonge dashibodi ndipo mtu akapiga ukelele mbele yao, ukelele mrefu wa mwanamke, na gari likasimama kwa kishindo kilichompeleka hadi karibu na kioo. Kitu kikaanguka kwa mlio wa bati. Maji yakatapakaa kwenye kioo.

"Mko wawili humo ndani!" sauti ya mwanamke ilikuja ikipigapiga boneti. "Wawili! Macho manne, na hakuna hata moja linalofanya kazi? Hii ndoo nimepanga foleni tangu alfajiri!"

Mshonaji aliteremka mbio, akaomba radhi, akaokota ndoo, akaomba radhi tena. Aliporudi kitini alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Nisamehe Mwalimu. Yule fundi wa pale ametundika gauni langu. Mtindo wangu, Mwalimu, hadi mikunjo ya kiunoni! Nikalitazama. Kelele ndizo zilizonishtua." Akamgeukia. "Lakini na wewe hukukanyaga breki yako."

Mwalimu aliangalia mbele, palipokuwa na weupe na maji.

"Nilikuwa nakupima," akasema. "Nilitaka nione kama utasimama mwenyewe."

"Kumbe!" Akawasha gari tena. "Mwalimu, wewe ni mtu wa ajabu. Moyo wako umeumbwa na nini?"

Alilisema hilo kwa heshima kubwa, na Mwalimu hakugonga dashibodi hata mara moja mpaka wakafika.

Nje ya chumba namba sita palikuwa na ukumbi mwembamba, mabenchi mawili ya chuma yanayotazamana, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kulazimishwa. Kwa mazoea tu Mwalimu alinong'ona, "Unaona nini?"

"Naona wazee sita," Mshonaji alinong'ona naye. "Watatu benchi la huku, midomo inachezacheza kama wanasali. Watatu benchi la kule wameshatoka, kila mmoja ana karatasi ya njano ameikunja. Mmoja wao ni yule rafiki yako mwenye sauti."

"Mwalimu Klachi!" sauti ya kokoto iliita. "Mimi nimeshamaliza. Nimemwimbia mpimaji yule mkwe mpaka jamani ya mwisho. Rahisi! Hata jasho sikutoka."

"Hongera. Mbona hujaondoka sasa?"

"Nakusubiri wewe."

"Na hao wenzako?"

"Mimi naacha jua lipungue," alisema mmoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Mimi gari langu linapumzika," alisema wa pili.

Mlango ukafunguliwa, mzee wa kwanza wa benchi la wanaosubiri akaingia. Huyu aliitwa Dereva Taksi, mtu mwembamba mwenye kofia asiyoivua hata kwa daktari. Dakika kumi baadaye akatoka.

"Vipi?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Safi kabisa," alisema Dereva Taksi, akaenda kukaa benchi la waliomaliza, akavuta kofia hadi kwenye nyusi.

Wale wawili waliobaki wakageukiana kwa adabu iliyozidi. "Pita wewe, Mwalimu," wakasema. "Wewe ni mwalimu. Sisi tunarudia rudia kidogo."

Akaingia.

"Mwalimu! Shikamoo. Karibu kiti, kiko mbele yako hatua mbili."

Sauti ile aliijua kabla hajakipata kiti. "Marahaba. Wewe si ndiye yule binti aliyerudisha gari nyuma akabomoa choo cha shule yangu?"

"Kile choo kilijengwa mahali pabaya, Mwalimu."

"Kilikuwepo miaka ishirini, watu wakikikwepa!"

Mpimaji wa macho akacheka. Alikuwa msichana mwenye harufu ya sabuni na viatu vyenye soli laini, ameanza kazi pale mwaka uliopita. Mwalimu akaona mambo yamekaa sawa: mpimaji ni mtu wa nyumbani, ubao unajulikana, wimbo umeshiba.

"Ziba jicho moja kwa kiganja. Ubao uko ukutani mbele yako. Anza juu, shuka taratibu."

Mwalimu akajiweka sawa. Akakunja uso kama mtu anayesoma, akasema, "M." Akapumua. "K, T." Akajikohoza. "S, H, N. Halafu A, P..." Hapo akasita makusudi, akanyoosha shingo, ili isionekane amekariri. Alijipenda kwa ujanja ule. "Ni V hiyo. Ndiyo, V. Na D. Wa mwisho T, U, K, F, jamani."

Feni ya nje ilisikika hadi ndani.

"Herufi ya mwisho ni ipi, Mwalimu?"

"J."

"Mimi nimesikia jamani."

"Nimeshangaa tu jinsi ilivyo ndogo."

Mpimaji alivuta kiti, akakaa mbele yake, karibu kabisa, hata Mwalimu akauona uso wake: haukuwa na hasira.

"Mwalimu, ule ubao hauna herufi hata moja. Ule wa zamani niliushusha Jumatatu. Huu una umbo moja tu, kama kitana, limegeuzwa huku na huku, na wewe unatakiwa kunionyesha kwa mkono meno yake yanaelekea wapi. Ningekuambia mapema, lakini nilitaka kujua kama na wewe utaniletea mkwe. Wewe ni wa tano leo."

"Wa tano?" Mwalimu akahesabu kwa vidole gizani mwake. Watatu benchini na Dereva Taksi, wanne. "Lakini Mzee wa Tipa amepita!"

"Siwezi kukueleza habari za mtu mwingine."

"Basi niambie jambo moja. Anayepita anapewa karatasi ya rangi gani?"

"Ya kijani."

Mwalimu akaunganisha mambo. Kumbe ndivyo. Kila mzee aliingia na wimbo, akashindwa, akatoka akasema safi, na aliyemfuata akaingia na wimbo ule ule kifua mbele. Wangeendelea hivyo hadi jioni, heshima za watu zikisalimika mmoja baada ya mwingine na hakuna leseni hata moja.

"Waongo wakubwa," alisema, na katika sauti yake mlikuwa na sifa kidogo. Kisha akauinamia uso wa yule binti. "Sikia, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika usukani. Ile karatasi ya kijani ni karatasi tu. Mimi siendeshi, anayeendesha ni mwanafunzi. Mimi nakaa pembeni."

"Unakumbuka ulinirudisha mara mbili kabla hujaniruhusu kwenda kwenye mtihani?"

"Ulistahili."

"Nililia pale pale kwenye gari. Nilikuambia mama yangu mgonjwa, nahitaji leseni. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema machozi yangu umeyaona, lakini watu watakaokuwa wanavuka barabara hawatayaona."

Mwalimu hakukumbuka. Lakini lilikuwa neno la kufanana naye, la wakati alipokuwa bado anaona machozi ya mtu aliyekaa kando. Alifungua kinywa amwambie kwamba mambo yale ni tofauti. Kilichotoka ni kingine.

"Asubuhi hii nusura tumgonge mama wa watu. Mama mwenye ndoo ya maji. Sikumwona kabisa. Niliona kioo kimelowa, nikadhani ni mvua."

Mpimaji hakusema pole. Aliwasha kitochi, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima.

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, na ugonjwa umekomaa."

"Najua. Nesi mmoja aliniambia miaka miwili iliyopita."

"Miaka miwili! Upasuaji wake ni nusu saa, jicho moja kwanza, baadaye la pili. Kwa nini hukwenda?"

"Kisu," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ulikaa pembeni yangu nikikimbilia kile choo kinyumenyume, hukutoa hata sauti. Leo unaogopa kisu?"

"Kule nilikuwa na breki yangu. Huku unalazwa chali, na anayeendesha ni mtu mwingine. Kijana mdogo, pengine. Pengine alijifunza juzi."

Sasa alikuwa ameshalitamka, na chumba hakikuanguka. Mpimaji aliandika. Kalamu ilikwaruza muda mrefu. Akamweleza pole pole: kuanzia sasa haruhusiwi kuendesha wala kufundisha, akishapasuliwa na macho yakatulia, atarudi, atapimwa upya, na akiona atapewa leseni yake kama kawaida. Kliniki ya macho inapokea watu wa hapa kila Jumatatu, kwa orodha.

"Tangu nije hapa nimewaandikia watu wengi hii karatasi," alisema akimpa. "Wanaikunja, wanaitia mfukoni, na siwaoni tena. Orodha yangu ya Jumatatu ina mistari kumi, na haijapata jina hata moja."

Mwalimu aliikunja karatasi yake, kisha akagundua anachofanya, akaikunjua.

Alipotoka, mabenchi yote mawili yalimgeukia.

"Vipi?" wakauliza.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Lilikuwa fupi, safi, lingemfikisha benchini bila aibu. Angekaa na wenzake, wangezungumzia bei ya matairi, na baadaye angetafuta la kumwambia mke wake. Alisikia Mshonaji akiinuka na mkoba wake kumpokea.

"Nimefeli," alisema.

"Umefeli nini?" Mzee wa Tipa aliruka. "Nimekupa wimbo mzima!"

"Ubao hauna herufi. Hauna M, hauna mkwe. Una vitana."

"Punguza sauti, Mwalimu," alisema Dereva Taksi chini ya kofia.

"Sasa sisi tulikuwa tunaenda kufanya nini mle ndani?" mmoja wa wale wawili aliuliza.

"Kumsema mkwe wa watu mbele ya serikali," alijibu Mwalimu. Kisha akamgeukia Mshonaji, au alidhani ni yeye, maana palikuwa na kitu chenye rangi ya gauni lake. "Na wewe, mwanangu. Asubuhi sikuwa nakupima. Sikumwona yule mama. Mwaka wa pili huu sioni kitu barabarani."

Mshonaji alisimama hatua moja kabla ya kumfikia.

"Yaani wiki zote sita, aliyekuwa anaona humo ndani ni mimi peke yangu?"

"Peke yako."

"Na ile Njia ya Mdomo?"

"Nilikuwa nakuuliza kwa kweli. Nilikuwa sijui."

"Nina watoto watatu, Mwalimu."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeniambia. Nimekusifu kwa mama yangu. Leo hii, nusu saa iliyopita, nilikuwa nakuona kama..." Hakumaliza. Alikaa kwenye benchi kwa kishindo, akaukumbatia mkoba.

Mwalimu alibaki amesimama katikati. Hakutafuta maneno ya kujitetea. Aliyokuwa nayo ameyatumia yote.

"Mimi pia nimefeli," alisema Dereva Taksi ghafla, akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao hata rafiki zake hawakuwahi kuujua. "Nilimwambia yule binti ile ni S. Akaniuliza S iko wapi, nikamwonyesha kalenda."

"Mimi nilisoma mlango," alisema yule aliyekuwa anaacha jua lipungue.

"Mimi nilifika kwenye dirisha akaniambia mzee inatosha," alisema mwenye gari linalopumzika.

Wote wakamgeukia Mzee wa Tipa.

"Mimi nimepita," alisema Mzee wa Tipa.

"Karatasi yako ni ya njano, baba," Mshonaji alisema bila kuinua kichwa. "Njano kama za wenzako. Rangi ni kazi yangu."

"Hii ni kijani iliyopauka."

"Ni njano."

Mzee wa Tipa aliigeuzageuza ile karatasi mbele ya pua yake. "Basi uwanja mzima wa maegesho ule nje," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "una magari matano, na hakuna hata mmoja wetu anayeruhusiwa kuyagusa. Tangu asubuhi nafikiria jinsi ya kutoka pale getini bila mlinzi kuniona naenda kwa miguu."

Kikatoka kicheko. Kilianzia kwa Dereva Taksi, kikapita benchi zima, na mwisho hata Mshonaji alilazimika kujifunika uso kwa mkoba, ingawa hasira yake haikuisha kwa hilo na Mwalimu alijua haijaisha.

Mpimaji alifungua mlango kuona kuna nini. Mkononi alikuwa na ile orodha ya mistari kumi.

"Kwa kuwa leo mmechangamka," alisema, "nani niandike Jumatatu?"

Kicheko kikakauka. Mmoja alianza kutafuta kitu mfukoni. Mwingine akaisifu feni.

Mwalimu alinyoosha karatasi yake kuelekea ile sauti. "Niandike mimi. Mstari wa kwanza."

"Na ukifa?" aliuliza Mzee wa Tipa.

"Nikifa mtajua msije."

"Na ukipona?"

"Nikipona nitaona mlivyozeeka, na hayo ndiyo yatakuwa mateso yangu."

Mzee wa Tipa alipiga hesabu zake kwa vidole. "Niandike wa pili, binti. Lakini andika vizuri, wa pili. Nisije nikasukumwa kuwa wa kwanza kwa makosa ya ofisi."

Dereva Taksi akawa wa tatu. Wale wengine wawili wenye karatasi wakasema watafikiri, na Mpimaji akawaambia wafikirie pale pale, yeye ana kalamu. Wakaandikwa.

Mshonaji aliinuka, akasimama karibu na Mwalimu, karibu kuliko urefu wa kitanda lakini si sana. Akainua mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

Mwalimu alikodoa. Angeweza kubahatisha, watu huinua viwili au vitatu. "Sijui," alisema.

"Haya. Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli umenipa." Akamshika kiwiko, si kwa upole sana. "Ukishapona utarudi kunifundisha, na kila asubuhi kabla sijawasha gari nitakupima mimi. Sasa twende, nikufikishe kwa mkeo. Kwa miguu."

Wakatoka wote pamoja, mbele ya mlinzi wa geti, wazee watano wenye karatasi na mwanamke mmoja, magari yakibaki nyuma yao juani. Ilikuwa miaka mingi tangu yeyote kati ya wale watano avuke barabara ile kwa miguu. Walisimama ukingoni, wakateremka, wakarudi, wakateremka tena, wakajazana katikati kama kuku. Gari moja likafunga breki, dereva akatoa kichwa dirishani akapiga honi.

"Nyie wazee! Hamwoni?"

"Hatuoni!" Mzee wa Tipa alinguruma kwa sauti yake yote, akiipunga karatasi ya njano juu ya kichwa. "Na tumeandikiwa!"